Chogo la Inchi 21

Picha iliingia kwenye simu yangu saa mbili usiku, ikitokea Muleba. Ilikuwa sampuli ya kijitabu cha kumbukumbu ya marehemu dada yangu: kurasa mbili zimefunguliwa kwenye kioo cha kompyuta, fundi amezipiga picha kwa simu na kunitumia nizikague. Uso wa dada ulikuwa umejaa mawimbi. Mistari ya zambarau na kijani ilijipinda kutoka shavuni hadi begani, mfano wa dizeli iliyomwagika majini pale gatini Bukoba. Nikapiga simu hapohapo.

"Mwanangu, usichape! Picha ya dada imeharibika."

Akacheka kidogo. "Haijaharibika, mzee. Ni simu tu hiyo. Kesho panda gari uje uone mwenyewe, waitu."

Usingizi ulichelewa kuja usiku ule, na si picha iliyouchelewesha. Mimi na fundi huyu tuna habari ndefu ya mawimbi ya kioo. Ilianza mwaka 2001, na humo ndani mimi si mtu wa kusifiwa.

Wakati huo nilikuwa na chumba kimoja mjini Bukoba, jirani na soko, ambacho kibao chake cha nje kilikiita kituo cha huduma za kompyuta. Tulichapa barua, mitihani ya shule, kadi za mchango wa harusi, na zaidi ya vyote ratiba za mazishi. Ukimwi, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini waliripotiwa mkoani kwetu mwaka 1983, ulikuwa bado unabeba watu, na Jumamosi moja ingeweza kuwa na ratiba tatu au nne za kutoka kabla ya saa tano asubuhi. Monita zetu zilikuwa mbili za inchi 14. Kupanga ukurasa wa A4 kwenye kioo kile ni kusogeza, kurudisha, kusogeza tena. Ukiona kichwa cha habari, miguu huioni. Niliposikia kuna mtu Dar es Salaam anauza monita za inchi 21 zilizotumika Ulaya, nilikopa.

Dude nililonunua likasafiri kwa treni hadi Mwanza, kisha MV Victoria usiku kucha, alfajiri Kemondo, halafu Bukoba. Miaka mitano ilikuwa imepita tangu MV Bukoba izame, 21 Mei 1996, na watu wa kwetu walikuwa bado wakipanda meli huku wakisali kimoyomoyo. Mimi usiku ule niliiombea monita.

Aliyelipokea gatini alikuwa kijana wangu wa kazi, miaka 19, mtu wa Nshamba wilayani Muleba, mwepesi wa mikono na mzito wa maneno. Lilikuwa na uzito wa kilo 30 hivi, tumelizungushia godoro na kamba ya katani. Alilibeba kifuani kama mtoto aliyelala, akalipandisha kwenye mkokoteni, akatembea nalo pembeni mkono ukiwa juu yake njia nzima. Katika kulishusha ofisini kona yake ikagonga meza. Mgongo wa plastiki ulitoa mlio mdogo tu, ko! Niliusikia, na nikauweka akiba.

Siku za kwanza watu waliingia kulitazama tu. Hii ndiyo aina ya kioo ambacho leo vijana wanakiita cha chogo, kwa jinsi kilivyojaa kisogoni. Enzi zile hakikuhitaji jina la kukitofautisha, maana flati tulikuwa tunaziona magazetini. Ukurasa mzima wa A4 ulikaa humo na nafasi ikabaki. Mteja mmoja, mwalimu mstaafu, aliweka kidole kwenye kioo akasema kuna mikwaruzo miwili. Kweli palikuwa na mistari miwili myembamba ya kijivu iliyokatiza kutoka kushoto kwenda kulia. Haikuwa mikwaruzo. Lilikuwa Trinitron, mtindo ambao Sony waliuanzisha mwaka 1968: nyuma ya kioo kuna nyuzi nyembamba za chuma zilizosimama wima, na nyaya mbili za kulala zinazizuia zisicheze. Ukiona mistari ile unaona kivuli cha nyaya. Ulikuwa ukilipiga chogo kofi ubavuni, nyuzi zinatetemeka na picha inatetemeka nazo. Tulilipiga mara nyingi kuliko ilivyofaa.

Pembeni, kwenye kona ya juu kulia, rangi nyeupe ilielekea uwaridi. Hilo nalo halikuwa ugonjwa. Monita kubwa za aina ile zilirekebishwa kiwandani kwa kufuata sumaku ya dunia mahali zitakapotumika: kaskazini kuna zao, kusini zao, na za ukanda wa ikweta zao. Letu lilizoea Ulaya, sasa limeshushwa nyuzi moja na kidogo kusini mwa ikweta. Lilikuwa na kitufe chenye alama ya sumaku, ukikibonyeza kioo kinaguna "dung!", picha inapepesuka kama mlevi, kisha rangi inatulia. Uwaridi ulipungua. Haukuisha.

Mawimbi yalianza wiki ya pili.

Yalikuja jioni. Mchana kutwa kioo kimetulia kama ziwa la saa kumi na mbili asubuhi; ikigonga saa moja usiku, kingo za ukurasa zinaanza kupumua. Mstari ulionyooka unakuwa na viuno. Herufi ndogo zinatikisika kama nguo kwenye kamba. Nilipozima mashine ndipo yalipoonekana zaidi: Windows 98 ilikuwa na tabia ya kufunika kioo kizima kwa vitone vyeusi ikikuuliza kama una hakika unataka kuzima, na vile vitone vilicheza ngoma.

Hapa lazima nieleze ujinga wetu ulitoka wapi. Sisi tuliokulia Bukoba tulijifunza ubovu wa picha kwenye TV za majirani. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu 1973, lakini Bara haikuwa na kituo hata kimoja hadi 1994. Mwenye TV kwetu alielekeza antena Uganda. Antena yenyewe ilifungwa kwenye mlingoti juu ya migomba, mtu mmoja anauzungusha mlingoti, mwingine yuko dirishani anapiga kelele: "Bado! Bado! Hapohapo! Usiguse!" Picha ikitiwa chenga, kosa ni la antena, au la mvua, au la aliyegusa. Haikuwahi kutupitia akilini kwamba picha inaweza kuvurugwa na friza.

Kwa hiyo nilianza kutafuta aliyegusa.

Kwanza nililaumu joto: chogo limechoka, limefanya kazi kutwa. Nikaliwekea feni. Feni nayo ina mota, na mota ina sumaku yake, hivyo nilikuwa namtibu mgonjwa wa malaria kwa kumlaza kwenye dimbwi. Halafu nikalaumu umeme. Umeme wa Bukoba ulitoka Uganda, kupitia Masaka na Kyaka, na jirani akikohoa sisi tunapata mafua. Nilikuwa na ushahidi, eti: umeme ukikatika tukawasha jenereta letu dogo, mawimbi yanakoma. Nikawaambia wateja kwa sauti ya mtaalamu kwamba umeme huu wa kuvuka mpaka ni mchafu. Nani angenibishia?

Mwisho nikakumbuka ile ko!

Kijana alikuwa amejaribu mambo yake. Aliingia kwenye mipangilio akakuta kioo kinachorwa mara 60 kwa sekunde, akakipandisha hadi 75. Mtikisiko ukapungua, ila herufi zikanenepa. Akaingia kwenye menyu ya monita yenyewe, akakuta kipengele kilichoandikwa Moire, neno ambalo Wafaransa walilipa hariri yenye mawimbi. Kipengele kile kilikuwa cha tatizo jingine kabisa: vitone vya picha vinapogombana na nyuzi za kioo, monita inasogeza kila mstari unywele mmoja ili ugomvi usionekane, na gharama yake ni ukali wa herufi. Alikipandisha. Mawimbi hayakuondoka na sasa maandishi yakawa na ukungu. Nilimkuta hapo, saa mbili usiku, amelikumbatia chogo analigeuza taratibu kuelekea dirishani, uso umekaribia kioo.

"Mzee, ukiligeuza linabadilika," alisema.

"Acha kuchezea vitufe."

Nikamwita fundi wa redio. Alifungua mgongo, akatoa vumbi la Ulaya, akabadilisha kapasita kadhaa ambazo huenda hazikuwa na shida, akazungushia ndani karatasi ya aluminiamu ya kufungia chakula. Karatasi ile ni bure kwa kazi hiyo. Sumaku inayogeuka mara 50 kwa sekunde hupita ndani yake kama moshi kwenye paa la nyasi. Wenye hospitali na maabara huko Ulaya walikuwa wakinunua makasha ya aloi ya nikeli na chuma kuikinga. Akanidai elfu 30. Nikamkata kijana elfu 10 kila mwezi kwa miezi mitatu, kwenye mshahara wa elfu 40, kwa kosa la kugonga meza.

Hakubisha. Makato ya tatu yalipoisha aliaga anakwenda kwao kwenye mazishi ya mjomba, na hakurudi.

Mwaka uliofuata duka la nyuma ya ukuta wetu lilifiwa. Lilikuwa duka la vinywaji. Mwenyewe alifunga siku nne, kreti zote za soda zikabebwa kwenda msibani, na friza kubwa likazimwa. Ratiba ya mazishi hayo niliitengeneza mimi. Nilikaa nayo hadi saa nne usiku, na ilikuwa tayari kwenye printa ndipo nilipogundua kwamba tangu jioni kioo hakijatikisika. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu nikaanza kujisifu kwamba kapasita za fundi zimekubali.

Siku ya tano duka lilifunguliwa. Ilikuwa saa moja kasoro. Nilisikia upande wa pili wa ukuta stebilaiza ikipandisha umeme, tak!, mlio wa kijiti kinachovunjika, na papo hapo kioo kikashtuka, ukurasa ukavimba na kusinyaa. Tak! nyingine, kikashtuka tena. Nikabaki na kikombe mkononi.

Jioni umeme ulikuwa unashuka watu wakirudi majumbani, jirani anawasha stebilaiza kulilinda friza lake. Ndani ya kasha lile kuna transfoma, na transfoma humwaga sumaku pembeni. Ndani ya chogo, picha yote huchorwa na mshale wa elektroni unaoongozwa kwa sumaku, mstari baada ya mstari; sumaku ngeni ikija jirani nayo huuvuta. Ikiwa sumaku yenyewe imetulia, kama ile ya spika, inaacha doa la rangi lisilosogea. Ya umeme inageuka mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo inausukuma mshale huku na huku, na kioo kikichorwa mara 60, tofauti ya kumi ndiyo mtikisiko unaouona, mara kumi kila sekunde. Ndiyo maana 75 ilisaidia kidogo: mara 25 kwa sekunde jicho haliwahi kuzihesabu, linaona unene tu. Ndiyo maana pia kuligeuza kulibadilisha mambo, kwa kuwa sumaku ina upande inakotokea. Na ule uchafu wa umeme wa Uganda: umeme ukikatika, stebilaiza ya jirani nayo imezimika.

Nilihamisha meza hadi ukuta wa pili, hatua nne. Mawimbi yakaisha. Sumaku ya namna ile hufifia haraka mno kadiri unavyojitenga nayo, na hatua nne zinatosha kabisa. Zilinichukua dakika kumi na hazikunigharimu hata shilingi.

Muleba si Ulaya. Ni mwendo wa saa moja na kidogo kwa gari, unapita Kemondo, unapita Muhutwe, umefika. Nilikwenda huko mara nyingi baada ya hapo, kupeleka mitihani, kuhudhuria harusi. Nilisikia kwamba kijana amefungua stesheneri karibu na stendi. Nilijiambia nitapita. Kwanza ningetaka kwenda na fedha mkononi, na fedha ilikuwa na matumizi. Halafu miaka ilipokuwa mingi nikaona kwamba kuitaja habari yenyewe ni kumkumbusha mtu jambo alilokwisha kusahau. Mtu akitaka sababu ya kutokwenda, hakosi.

Flati zilipokuja, chogo nililipeleka stoo. Hizi mpya hazina mshale wa kuvutwa na stebilaiza ya mtu; za mwanzo zilizotumia waya wa VGA zilikuwa zikipata mistari ya wima kwa sababu kioo na kompyuta havijakubaliana vitone vianzie wapi, unabonyeza kitufe cha Auto, picha inasogea kidogo kushoto, kidogo kulia, imekaa. Hata TV, baada ya kuingia dijitali, haina chenga tena. Mawasiliano yakiwa dhaifu picha inaganda vipande vipande kisha inazimika. Kuna jambo nalikosa hapo, ingawa najua ni la kizee: chenga zilikuwa zinakuonya pole pole.

Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi alasiri, tetemeko la kipimo cha 5.9 liliupiga mkoa wetu. Watu walikufa, nyumba nyingi sana zililala chini. Mimi nilipoteza stoo na ule ukuta. Siku ya Jumatatu nilisimama kwenye kifusi nikaona ndani ya duka la jirani kwa mara ya kwanza kutokea upande ule, na pale, kwenye rafu ya vyuma iliyogoma kuanguka, kulikuwa na kasha la stebilaiza lenye kutu. Lilikuwa limekaa kimo kile kile cha meza yangu ya zamani. Kati yake na kisogo cha monita palikuwa na tofali moja. Chogo lenyewe nililipata chini ya udongo, kioo kimepasuka, godoro lake limelowa.

Basi ndivyo nilivyoingia stesheneri ya Muleba asubuhi iliyofuata ile picha ya dada, na bahasha ya fedha mfukoni. Ana mvi sasa, na kompyuta mbili za inchi 27, na mtoto wa kazi anayefunga vitabu kwa gundi. Alinipa kiti, akaagiza chai, akafungua kurasa za dada kwenye kioo. Uso ulikuwa safi, hadi kovu dogo la utotoni juu ya nyusi.

"Sasa chukua simu yako, piga."

Nikapiga. Mawimbi yakajaa. Akanivuta bega nirudi nyuma hatua moja, yakawa mapana. Akaniinamishia simu kidogo, yakayeyuka. Kisha akanipeleka dirishani. Dirisha lake lina nyavu mbili za mbu, ya zamani yenye matundu na mpya aliyoipigilia juu yake. "Tikisa kichwa, mzee." Nikatikisa. Miduara mikubwa ya kijivu ikakimbia kwenye wavu, ikijikunja na kujikunjua, ingawa wavu wa kwanza hauna miduara na wa pili hauna. Kioo ni wavu wa vitone, kamera ya simu ndani yake ni wavu mwingine. Zikipandana bila kulingana, unapata sura ya tatu isiyo ya yeyote. Ndiyo hiyo hiyo, alisema, inayowafanya watangazaji wa TV wakwepe mashati ya mistari myembamba. Alieleza vizuri kuliko nilivyowahi kumweleza jambo lolote.

Akachapa ukurasa mmoja. Nikaushika mwangani. Dada alikuwa ananitazama bila wimbi hata moja.

"Ile monita ya Bukoba," nikaanza.

"La chogo lile?"

"Halikuwa kosa lako."

"Najua."

"Ulijua lini?"

"Wiki ile ile. Nilikuwa nafagia jioni, nikaegemea ukuta. Ukuta ulikuwa unanguruma."

"Mbona hukuniambia?"

Akaiweka chini rula ya chuma aliyokuwa akikatia karatasi. Hakuonekana kukasirika, alionekana kama mtu anayehesabu. "Nilikuambia, waitu. Mara mbili. Ya pili ulikuwa unaongea na mteja, unamweleza habari za umeme wa Uganda."

Nilitafuta kichwani siku hiyo na sikuiona. Ninayemwona ni yeye amelikumbatia chogo saa mbili usiku.

Alitaja bei ya nakala mia mbili na nikailipa kama alivyoitaja, bila kuomba punguzo, jambo ambalo watu wa Kagera wataelewa uzito wake. Akaandika risiti, akanisindikiza hadi stendi, akanibebea boksi la vijitabu kifuani, mikono miwili. Tulipofika Kemondo kondakta akadai nauli. Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa bahasha.